Chipu moja, miti sita: shajara ya viraka vyetu kuelekea Linux 6.17

6.16-rc1, 8 Juni 2025

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux na mkuu wa kerneli yake (kiini cha mfumo wa uendeshaji), hutoa rc, yaani toleo la majaribio, Jumapili mchana kwao, na huku kwetu huwa ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Nilipowasha mashine asubuhi rc1 ilikuwa imeshatoka, na ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri. Rc1 ikitoka, dirisha la kuunganisha, kipindi cha kupokea kazi mpya, limefungwa. Kwenye mti wa Linus (nakala yake ya msimbo wote) yanapita marekebisho ya kasoro tu mpaka toleo lenyewe litoke, na watunzaji wa mifumo tanzu (sehemu za kerneli) wanaanza kukusanya viraka (mabadiliko ya msimbo) vya toleo linalofuata. Ukituma kazi mpya ndani ya zile wiki mbili za dirisha, unamtumia mtu ambaye mikono yake imejaa. Bora kungoja.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye bodi yetu mpya kuna chipu ya kusimamia umeme, mdogo wake na chipu ambayo kerneli inaitambua tangu zamani. Inaunganishwa kwa i2c (njia ya mawasiliano ya nyaya mbili), ndogo kuliko ukucha, lakini ndani yake mna vidhibiti volteji, pini za GPIO (za kuingiza na kutoa ishara), saa ya RTC (inayotunza muda) na kitufe cha kuwashia. Kwa mhandisi wa bodi hicho ni kifaa kimoja. Kwa kerneli, vipande vyake vinakaa mbalimbali: draiva mama (programu kuu inayoiendesha chipu) iko drivers/mfd (MFD, vifaa vyenye kazi nyingi), vidhibiti viko drivers/regulator, pini drivers/gpio, saa drivers/rtc, kitufe drivers/input, na maelezo ya bodi yako arch/arm64/boot/dts. Hiyo ni miti sita. Kila mti una mtunzaji wake, utaratibu wake na ratiba yake. Faili la MAINTAINERS linasema nani ni nani, na scripts/get_maintainer.pl inakutajia majina ukiipa kiraka.

Msimbo umeandikwa na kupimwa kwenye bodi. Kilichobaki ni kuufikisha kwa Linus bila kuvunja mti wa mtu yeyote njiani, na hicho ndicho shajara hii inafuatilia.

Kabla ya kutuma

Leo sikugusa msimbo. Nimechora kwenye karatasi nani anamtegemea nani, na nawashauri wanaoanza kazi hii wafanye hivyo mapema, kwa sababu mchoro huo ndio unaoamua barua ya utangulizi itasema nini na watunzaji wangapi watasumbuliwa.

Kijana anayejifunza kazi kwetu aliangalia ile karatasi akauliza: "Kaka, kwani tusitume vyote kwa mtu mmoja avipitishe kwa pamoja?" Inawezekana. Mtunzaji wa MFD akikubali na wengine wote wakaweka Acked-by zao (alama za kukubali), mfululizo mzima unaweza kupita kwenye mti mmoja. Lakini mtunzaji wa GPIO naye ana watu wengine wanaogusa mafaili yaleyale wiki hizihizi, na mabadiliko yetu yakipita mlango wa jirani yeye atakutana nayo kwa mara ya kwanza kama mgongano. Kwa hiyo kwanza tutafute vipi vinaweza kwenda peke yake.

Kitufe kinaweza. Draiva yake inachukua regmap ya mzazi (njia ya kufikia rejista, yaani vijumba vya data ndani ya chipu) kwa dev_get_regmap, haihitaji chochote kipya kutoka kwenye heda ya draiva mama (faili la majina yanayotumiwa na draiva zote). Kiende kwenye mti wa input, leo hii, peke yake.

Maelezo ya bodi nayo yanaweza. Faili lake, la .dts, ni jipya kwa sababu hili ni toleo jipya la bodi, kwa hiyo hakuna mtumiaji wa zamani atakayeharibikiwa. Likifika kabla ya draiva, kadi ya SD itangoja kidhibiti volteji ambacho bado hakijapatikana, basi. Linapita kwa watu wa SoC (chipu kuu ya bodi), na watu wa SoC hawapendi kuona .dts imepitia kwenye mti wa draiva. Tunakubaliana nao.

Vidhibiti, pini na saa ndivyo vyenye utegemezi wa kweli, na hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kama chipu ingekuwa mpya kabisa, yenye alama yake mpya kwenye Kconfig (orodha ya chaguo za kujenga kerneli), draiva ya vidhibiti ingeweza kuingia kwenye mti wa regulator hata kama draiva mama bado iko kwenye mti wa MFD. Ingeandikwa `depends on` alama ambayo kwenye mti ule haipo, na alama isiyopo haichaguliki, kwa hiyo faili lisingekompailiwa hata heda yake ikikosekana. Miti yote miwili ikikutana kwa Linus, kila kitu kinawaka. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayelikompaili faili hilo mpaka linux-next (mti wa majaribio unaounganisha miti ya watunzaji) iikutanishe miti hiyo, lakini hakuna kinachovunjika.

Sisi hatuna bahati hiyo. Alama ya Kconfig ipo tayari, ni ya yule kaka mkubwa. Draiva za regulator na GPIO zipo na zinakompailiwa kila siku kwenye mashine za majaribio. Kiraka cha vidhibiti kikiingia kwenye mti wa regulator kikitaja rejista ambazo heda ya mti huo haizijui, kukompaili kunakufa papo hapo. Kwa hiyo heda lazima itangulie, au isafiri pamoja nao.

6.16-rc2

Mfululizo wa kwanza umetumwa kwa b4 (zana ya kutuma viraka kwa barua pepe), ukiwa na barua ya utangulizi inayosema wazi kiraka kipi kinategemea kipi na tunapendekeza kipite wapi. Kitufe na .dts vimetumwa kando.

Kumbukumbu za komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git) zinaonyesha +0300, yaani saa tatu mbele ya UTC. Wengi wa wapitiaji wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo majibu ya kwanza yaliingia jioni, na mengine tuliyakuta asubuhi.

6.16-rc3

Maoni mazuri. Anayepitia maelezo ya vifaa anataka faili la YAML (linaloeleza kifaa) litangulie draiva kwenye mfululizo, ili atakayesoma historia akute kwanza ahadi na baadaye utekelezaji wake. Sawa, limehamishwa.

Mtunzaji wa draiva mama ana ombi zito zaidi: kutenganisha kubadili majina na kuongeza chipu. Zile rejista za heda zilikuwa na jina la chipu ya zamani, na sasa zinatumika na chipu mbili, kwa hiyo tulizipa jina la familia. Kwenye mfululizo wa kwanza mambo hayo mawili yalikuwa kwenye kiraka kimoja kirefu. Ana haki. Mtu anayepitia kubadili majina anaangalia kitu kimoja tu, kwamba hakuna tabia iliyobadilika. Anayepitia chipu mpya anafungua karatasi za mtengenezaji na kulinganisha rejista moja baada ya nyingine. Ukimpa vyote kwa pamoja, havipitii vizuri vyote viwili.

Kiraka cha majina peke yake kina tabia yake: kinagusa mfd, regulator na gpio kwa komiti moja. Hakigawanyiki kwa saraka. Ukibadili jina kwenye heda kwenye komiti moja, na kwenye draiva za vidhibiti kwenye komiti inayofuata, katikati yake pana hatua ambayo kerneli haikompailiki. Anayeona hilo ni dogo hajawahi kutafuta hitilafu kwa git bisect. Toleo moja la kerneli lina komiti zaidi ya 10,000, na bisect inazigawa nusu kwa nusu mpaka imfikie mhalifu kwa hatua kama 14. Kila hatua ni kukompaili, kuwasha bodi na kupima. Mtu huyo anaweza kuwa anatafuta hitilafu ya kadi ya sauti, hana habari na chipu yetu, halafu hatua yake ya tisa inaangukia kwenye komiti yetu iliyovunjika. Tumemharibia jioni yake na hata hatujui.

Njia ya pili ilikuwa kuacha majina ya zamani yaishi kwa muda kupitia #define (jina mbadala), kila draiva ihamie kwa wakati wake, kisha majina ya zamani yaondolewe toleo linalofuata. Ni njia nzuri mabadiliko yakiwa makubwa. Uwe Kleine-König aliitumia kwa draiva za platform: kando ya remove, kolbeki (kitendakazi ambacho kerneli huita) ya kuondoa kifaa, ikaongezwa ya muda inayoitwa remove_new isiyorudisha thamani, draiva zikahamia moja moja kupitia miti yao, kisha remove yenyewe ikabadilishwa, na mwisho draiva zikarudishiwa jina la kawaida. Ilichukua matoleo mengi, na hapakuwa na siku ambayo watunzaji wote walilazimika kukubaliana saa moja. Sisi tuna mafaili matatu tu. Komiti moja inatosha.

Kabla ya kutuma tena, kila komiti imekompailiwa peke yake kwa `git rebase -x`, kwa arm64 na kwa x86 na allmodconfig (karibu kila chaguo likijengwa kama moduli). Kisha `git range-diff` kati ya mfululizo wa kwanza na wa pili, ili barua iseme kwa usahihi kilichobadilika na mpitiaji asirudie kusoma alichokwisha kukubali. Reviewed-by (sahihi za waliopitia) zilizokwisha kupatikana zimekusanywa kwa b4 trailers, isipokuwa kwenye kiraka kilichogawanywa. Pale msimbo umehama, na sahihi ya mtu haipaswi kubaki juu ya kitu ambacho hakukiona katika umbo hilo.

6.16-rc4

Tulipokuwa tunalinganisha jedwali la volteji la chipu mpya na la zamani, ilionekana draiva iliyopo ina hatua moja pungufu: idadi ya volteji imepungua kwa moja, kwa hiyo volteji ya juu kabisa ya kidhibiti kimoja haichaguliki. Kasoro ya zamani, inawagusa wenye chipu ya zamani leo.

Hii haitakiwi kungoja 6.17 pamoja na sisi. Imetolewa kwenye mfululizo ikawa kiraka cha peke yake, chenye tegi ya Fixes inayotaja komiti iliyoleta kasoro, na Cc ya stable ili irudishwe kwenye matoleo yanayotunzwa bado. Imechukuliwa kwenye tawi la marekebisho la regulator. Kuzika marekebisho katikati ya mfululizo wa vitu vipya naona ni kukosa heshima kabisa: mwenye bodi ya zamani analipishwa muda kwa sababu ya chipu ambayo hana.

Inatuongezea kazi kidogo. Kiraka chetu cha vidhibiti kinaandika mistari jirani na uliorekebishwa. Tumemwarifu mtunzaji kwenye barua, tukaweka na mfano wa jinsi mgongano utakavyotatuliwa, mistari mitatu tu.

6.16-rc5

Siku kubwa. Mtunzaji wa MFD amekubali kutengeneza tawi lisilobadilika.

Kwa asiyelijua: ni tawi dogo linaloanzia rc1, lina viraka vyetu vya pamoja tu, limewekewa tegi yenye sahihi ya PGP, na likishatangazwa halirekebishwi tena, hata kwa herufi moja. Majina yake kwenye mti wa MFD huanza na ib-, yakifuatiwa na mifumo inayohusika na toleo linalolengwa. Mtunzaji wa MFD analiunganisha kwenye mti wake. Mtunzaji wa regulator na wa GPIO nao wanalivuta lilelile kwenye miti yao, wakilihitaji. Komiti ni zilezile, zenye hashi (nambari za utambulisho) zilezile. Wakati wa dirisha, Linus akivuta mti wa kwanza anapata komiti zetu. Akivuta wa pili, git inaona tayari anazo na inaendelea.

Watu huuliza kwa nini kila mtunzaji asikichukue kiraka na kukiweka mwenyewe. Akifanya hivyo, komiti yake inakuwa na mzazi tofauti na hashi tofauti, hata kama maneno ni yaleyale. Sasa historia ina komiti mbili zinazofanya jambo moja. Mara nyingi git inaelewa na kunyamaza, lakini mmoja wao akiongeza badiliko lingine juu yake, mgongano unazuka, na anayeutatua hajui upande upi ndio wa sahihi.

Kwa nini lianzie rc1 na si mahali popote? Kwa sababu anayelivuta anavuta na kila kilicho chini yake. Likianzia katikati ya dirisha, mtunzaji wa GPIO atajikuta amevuta kazi za watu asiowajua na ambazo hazijapimwa.

Ndani ya tawi vimeingia viraka vinne tu: YAML, majina, chipu mpya kwenye draiva mama, na pini za GPIO. Vidhibiti vitakaa juu ya tawi hilo kwenye mti wa regulator. Kila komiti ina Signed-off-by yetu na ya mtunzaji aliyeipokea, huo mnyororo ulioanza mwaka 2004 ili ijulikane kila msimbo umetoka mikononi mwa nani. Watunzaji wa mifumo mingine wameweka Acked-by.

RTC tumeiacha nje kwa makusudi. Bodi inawaka bila saa, haiwaki bila vidhibiti. Kuiingiza kungemlazimu mtunzaji wa nne avute tawi ambalo halina faida nyingine kwake. Ikingoja toleo moja, heda itakuwa imeshafika kwa Linus na kiraka cha saa kitakwenda kwenye mti wa RTC kama kiraka cha kawaida, bila mazungumzo na mtu yeyote. Mwenzangu wa vifaa hakufurahi, kwa sababu anataka saa isome muda kutoka kwenye betri ndogo hata umeme ukikatika. Nimemwelewa, na kwenye kerneli yetu ya ndani kiraka kipo. Lakini msimamo wangu ni huo: tawi la pamoja libebe kile ambacho hakiwezi kusafiri kwa njia nyingine, na si zaidi.

6.16-rc6

Tumeonekana linux-next. Stephen Rothwell aliianzisha mwaka 2008 kutoka Australia, na tangu hapo mamia ya miti huunganishwa kila siku ya kazi kuonyesha kerneli ijayo itafananaje. Mgongano ukitokea, watunzaji wa pande zote mbili hupata barua yenye utatuzi, na git rerere inaukumbuka utatuzi huo kwa siku zinazofuata.

Wetu mmoja ulitokea kwenye draiva ya GPIO, na tulikuwa tunautarajia. Kwa matoleo kadhaa sasa mfumo wa GPIO unabadilisha kolbeki ya set, ile ya kuwasha au kuzima pini. Zamani haikurudisha kitu, kwa hiyo pini iliyo upande wa pili wa i2c ikishindwa kubadilika, draiva ilikuwa haina njia ya kumwambia mtu. Toleo 6.15 likaleta set_rv, jina la muda la kolbeki inayorudisha nambari, na draiva zikaanza kuhamia. Kiraka cha chipu mpya tuliandika kwa set_rv tangu mwanzo, kwa sababu kwenye 6.16-rc1 zote mbili zipo. Wakati huohuo, kwenye mti wa GPIO, draiva ya chipu ya zamani ilihamishwa kwenda set_rv, na mistari miwili ikagusana. Utatuzi: chukua zote mbili. Mgongano wa aina hii hauogopeshi, maana git inaupigia kelele.

Unaoogopesha ni ule ambao git haiuoni. Kama draiva yetu ingekuwa faili jipya na tungeandika humo set ya zamani, viraka vingeungana bila neno, halafu siku ambayo set inapewa maana mpya, kompaila ingelalamika kuhusu aina ya kolbeki mbele ya Linus. Ndiyo maana tulisoma mti wa GPIO kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

27 Julai, 6.16 imetoka

Dirisha limefunguliwa. Sisi kazi yetu sasa ni kukaa kimya na kujibu barua haraka.

Mti wa MFD umevutwa, komiti zetu nne zimo. Mti wa regulator una vidhibiti juu ya tawi lilelile. Ile mistari mitatu jirani na marekebisho haikumfikia Linus kabisa, mtunzaji alikuwa ameshaunganisha tawi lake la marekebisho kwenye la 6.17.

Siku za mwisho za dirisha likafika badiliko la GPIO la kurudisha jina: set_rv kote kerneli ikawa set tena, sasa ikirudisha nambari. Faili letu lilikuwa tayari kwenye mti wa Linus, kwa hiyo likabadilishwa pamoja na mengine. Wakati uliochaguliwa ndio ufundi wenyewe. Kubadili jina kote mapema kungegongana na kila mti ambao bado haujavutwa. Mwishoni mwa dirisha karibu kila kitu kimeshafika, kwa hiyo komiti moja inaweza kuwakuta wote nyumbani, na wanaoanza kazi ya toleo linalofuata wanaanzia rc1 yenye jina moja tu.

6.17-rc1, 10 Agosti

`git grep set_rv drivers/gpio` haileti kitu kwenye draiva yetu. Bodi imewashwa kwa kerneli safi ya Linus, bila kiraka hata kimoja cha ndani: vidhibiti vinaonekana chini ya /sys/class/regulator, pini zinajibu gpioset (amri ya kubadili pini), na tulipochomoa waya wa i2c makusudi gpioset ikarudisha kosa badala ya kudai imefanikiwa. Hilo la mwisho limenifurahisha kuliko yote. Kitufe kilipita kwa mti wa input, na .dts kwa watu wa SoC, kila kimoja kwa wakati wake.

RTC imetumwa asubuhi hii, kiraka kimoja juu ya 6.17-rc1, kwa ajili ya 6.18. Sehemu ya utegemezi kwenye barua yake imeandikwa "hakuna". Kijana wetu ndiye aliyeituma, kwa jina lake.